Nani Ameshika Penseli? Historia ya Fumbo la Maneno, Kutoka Visiwani Mpaka Kasulu na Kibondo



Tumeshazungumza mengi kuhusu hina, udi na namna ya kufungasha sanduku. Leo tunawaletea kitu ambacho hakuna somo wala shangazi aliyetuambia tukifungashe: penseli. Sisi ni wanawake wawili wa visiwani, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba, ambao ndoa na kazi ya ualimu zilitupandisha mpaka nyanda za juu za Kigoma. Mmoja alikaa Kasulu, mwengine Kibondo. Wakati huo barabara baina ya miji hiyo ilikuwa vumbi jekundu kiangazi na tope masika, na gazeti la Dar es Salaam likitufikia, limeshapita mikono mingi. Lakini lilifika na ukurasa wa chemshabongo: ile miraba myeupe na myeusi yenye nambari, na chini yake vidokezo vya Mlalo na Wima.

Ukurasa huo ndio uliotufungulia historia ambayo hatukuisoma skuli. Tumeona tuwasimulie, kwani wengi wenu mnaolewa mbali na kwenu.

Jioni moja Kasulu

Yule wetu wa Kasulu aliingia nyumba ya wakwe akiwa na miaka 22. Mumewe alikuwa akirudi kazini usiku. Mchana kutwa nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama mkwe. Mama alikuwa Muha wa hapo hapo, Muislamu, mkulima wa maharage, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei, kipimo, salamu. Kiswahili cha mkaza mwana kilikuwa cha Mjini Unguja, cha haraka, nusu ya maneno yanamezwa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Baada ya hapo, kimya. Hapakuwa na ugomvi. Ugomvi angalau una maneno. Biharusi alidhani hapendwi. Mama naye, tulikuja kujua baadaye, alidhani anadharauliwa.

Jioni moja biharusi alikaa barazani na gazeti la juzi. Juu ya miraba paliandikwa maudhui ya siku: Jikoni. Wima, nambari 6, herufi tatu: nyumba isiyo na mlango. Aliisoma kwa sauti kwa sababu ya upweke, hakuwa anamuuliza mtu. Mama mkwe alikuwa akipepeta maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Akasema, "Yai."

Herufi tatu. Zikaingia sawasawa, na ile A ya katikati ikafungua neno la mlalo lililokuwa limekwama tangu mchana. Mama akaweka ungo chini. "Iko nyingine?"

Tangu siku hiyo, kila siku baada ya Magharibi, ilikuwa hivyo: mmoja na penseli, mmoja na ungo. Gazeti lisipofika, walitengeneza fumbo lao kwenye daftari la hesabu, lile lenye miraba midogo, na kila siku na maudhui yake: leo shamba, kesho ndege, keshokutwa vitu vya sokoni.

Na mama yule hakujua kusoma. Hilo ndilo lililotufanya tukae tufikiri. Vipi mtu asiyejua hata A awe hodari wa fumbo la maneno kuliko mwalimu mwenye cheti? Jibu linaanzia mbali, na tunaanza pale tunapopenda kuanzia sisi Waislamu.

Mti usiopukutisha majani

Imam Bukhari (Mwenyezi Mungu amrehemu) ametupokelea katika Kitabu cha Elimu, ndani ya Sahihi yake, kisa cha fumbo. Mtume (s.a.w.) alikuwa na masahaba zake, akawauliza kuhusu mti mmoja ambao majani yake hayapukutiki, na ambao mfano wake ni kama Muislamu. Ni mti gani huo? Watu wakaanza kuitaja miti ya nyikani. Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa kijana mdogo miongoni mwao. Moyoni mwake likamjia jibu, mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Waliposhindwa, Mtume akawaambia: ni mtende. Baadaye kijana akamweleza baba yake, na Sayyidna Umar akamwambia kwamba angefurahi sana lau angelisema.

Tazameni mambo mawili hapa. La kwanza, fumbo limetumika kufundisha, tena na mbora wa waalimu. Jibu ni mti, lakini maudhui ni Muislamu mwenyewe: uthabiti wake, manufaa yake kwa watu. La pili, mwenye jibu alikuwa yule mdogo aliyenyamaza. Mara ngapi ndani ya nyumba za wakwe zetu mwenye jibu ndiye aliyenyamaza? Pengine ni biharusi mgeni, pengine ni bibi kizee ambaye hakuna anayemuuliza.

Bibi zetu na mafumbo yao

Kwetu pwani, fumbo lilikuwa mchezo wa kila jioni kabla ya redio. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wanaitikia "Tega!". Kuku wangu ametagia miibani? Nanasi. Nyumba yangu ina nguzo moja? Uyoga. Mkishindwa, mtegaji anadai mji. Mnampa mji, naye anauzunguka kwa maneno: amefika huko, amepokewa vizuri, watu wamewasalimu, ndipo anatoa jibu. Bibi zetu walitukataza kutegana mchana, kazi zisije zikalala.

Lakini fumbo halikuwa la watoto peke yao. Somo wa biharusi alifundisha kwa mafumbo, kwani yako mambo ambayo mtu mzima hayasemi wazi mbele ya kadamnasi. Kanga, tangu ilipoanza kuvaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaja kubeba maneno yake upindoni, na mwanamke akaweza kumjibu wifi au jirani bila ya kufungua mdomo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, na ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba mambo mazito ya mji ndani ya mafumbo, na wenye kujua walijua.

Wala wanawake wa pwani hawakuwa watu wasioandika. Mwana Kupona binti Msham, wa Siyu na Pate, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, na mpaka leo mabiharusi wanausiwa kwa jina lake. Aliuandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa pwani kwa karne nyingi. Hata maneno ya kanga za mwanzo yaliandikwa kwa herufi hizo.

Kisha herufi zikabadilika. Wajerumani upande wa Bara, na baada yao Waingereza, walijenga skuli na ofisi juu ya herufi za Kilatini. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilianzisha gazeti la kila mwezi, Mambo Leo, kwa herufi hizo. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, nayo ikasanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja na kukubaliana namna moja ya kuandika kila neno. Kwa fumbo la miraba hilo ni jambo kubwa, kwani mraba hauwezi kujazwa mpaka watu wakubaliane neno lina herufi ngapi.

Kwa bibi zetu lilikuwa na upande wake wa pili. Mwanamke aliyesoma chuoni, anayesoma Qur'ani na barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alijikuta ghafla hawezi kusoma gazeti la lugha yake mwenyewe. Mjukuu wa darasa la tatu akawa anamsomea.

Buha, upande wa pili wa reli

Sasa tupande Kigoma. Nchi ya Waha iliitwa Buha, na ilikuwa na tawala kadhaa, kila moja na mwami wake. Kasulu ilikuwa katika utawala wa Heru, na jina hilo bado lipo Heru Juu, karibu na mji. Kibondo ilikuwa Muhambwe, jina ambalo leo ni la jimbo la uchaguzi. Na mashoga zetu mtapenda kujua kwamba katika miaka ya 1950 mwami wa Heru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Sisi tuliokuja kutoka visiwani tukidhani mwanamke wa huko juu ni wa jembe na kuni peke yake, tulipata somo letu hapo.

Kiswahili kilifika Ujiji kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na Uislamu ukaja nao. Mwanzoni mwa 1914 reli kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma, ikawa inapandisha nguo, chumvi, barua na baadaye magazeti. Lakini Kasulu na Kibondo ziko milimani, mbali na kituo cha reli, na nyumbani watu waliendelea na Kiha.

Kiha ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi, watu wake wanasikilizana bila ya mkalimani. Yule wetu wa Kibondo alijifunza hilo kwa kicheko. Alikuwa na majirani Warundi, katika wale waliokimbia vita vilivyoanza nchini mwao mwaka 1993. Jioni ya kwanza alisikia mtoto anapiga kelele, "Sokwe!" Akatoka mbio kuangalia, kwani Gombe, mbuga ya sokwe, iko mkoa huo huo wa Kigoma. Wenziwe wote wakaitikia, "Niruze!" Akawaona wamekaa duara, hakuna mnyama. Kumbe ndiyo "Kitendawili, tega" ya Kirundi. Walikuwa wamekimbia nyumba, shamba na ng'ombe, lakini mchezo wa jioni walikuja nao.

Na mama mkwe wa Kasulu, siku ile ilipofika zamu ya maudhui ya msitu, alisema kwanza kwa Kiha, kisha akatafuta Kiswahili chake taratibu: nyumba, nguzo moja. Biharusi akaacha penseli ikaanguka. Ni kitendawili cha bibi yake, wa Unguja. Uyoga! Reli ina zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, juu yake bahari, juu yake milima, na mafumbo mawili ya wanawake wasiopata kuonana ni mamoja.

New York, Desemba 1913

Miraba yenyewe ilitoka wapi? Tarehe 21 Desemba 1913, wiki chache tu kabla ya reli kufika Kigoma, gazeti la New York World la Marekani lilichapisha mchezo mpya wa maneno. Mtungaji alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza. Umbo lake lilikuwa kama almasi, na katikati hapakuwa na kitu. Aliuita Word-Cross; wiki chache baadaye jina likageuzwa nyuma mbele, na hivyo ndivyo unavyojulikana kwa Kiingereza mpaka leo.

Kwa miaka mingi mchezo huo ulichapishwa ovyo, wenye makosa. Aliyeunyoosha alikuwa mwanamke. Margaret Petherbridge aliajiriwa katika gazeti hilo hilo kama katibu, akapewa kazi ya mafumbo ambayo mwanzoni hakuitaka. Siku alipokaa kulijaza moja mwenyewe, akaona vidokezo vibovu na nambari zisizolingana, ndipo akaapa kulifanya vizuri. Mwaka 1924 yeye na wenzake wawili walihariri kitabu cha kwanza cha mafumbo ya maneno duniani, kilichochapishwa na Simon & Schuster. Inasimuliwa kwamba wazo lilitoka kwa shangazi yake Simon, aliyetaka kitabu kama hicho. Na kitabu kiliuzwa pamoja na penseli yake!

London nao, gazeti la The Times likaanza fumbo lake tarehe 1 Februari 1930. The New York Times lilikataa kwa miaka mingi, likiona ni upotezaji wa wakati. Vita vilipoifikia Marekani mwishoni mwa 1941, wahariri wakaona wasomaji watahitaji kitu cha kutuliza moyo. Tarehe 15 Februari 1942 fumbo la kwanza la Jumapili likatoka, na mhariri wake alikuwa yule yule Margaret, ambaye sasa ameolewa na kuitwa Margaret Farrar. Tarehe 11 Septemba 1950 likaanza kutoka kila siku. Alilihariri mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, na ni katika zama zake ambapo fumbo lenye maudhui lilishamiri: maneno marefu ya ndani ya miraba yanaunganishwa na wazo moja, nalo unaligundua mwenyewe kidogo kidogo.

Utaona basi mambo yalivyogeuka. Mchezo wa miraba una miaka mia moja na kitu. Fumbo lenye maudhui, lile la jibu dogo linaloficha jambo kubwa, tumeliona tayari katika kisa cha mtende, miaka ipatayo 1,400 nyuma. Kilichokuwa kipya New York ni karatasi na penseli.

Namna ya kulijaza la Kiswahili

Mabiharusi wapya wanatuambia, "Sisi hatuyawezi hayo." Mnayaweza. Kiswahili kinakusaidia chenyewe, na haya ndiyo tuliyojifunza barazani.

Kwanza, karibu kila neno la Kiswahili linaishia na irabu. Mraba wa mwisho basi ni a, e, i, o au u. Ukibahatisha a, mara nyingi umepatia.

Pili, sikiliza ngeli. Kidokezo kikiwa cha wingi, mwanzo wa neno umeshaujua: vi-, mi-, wa-, ma-. Kikitaja kitendo, andika ku- kwa wepesi, utafuta baadaye.

Tatu, anza na maneno mafupi. Yai, udi, uji, jua. Ndiyo yatakayokupa herufi za kuyafungulia marefu.

Nne, tafuta maudhui. Chukua sanduku la biharusi. Andika KANGA kwa mlalo. Kutoka A ya kwanza shusha ASALI, kwani Kibondo ni nchi ya asali na huko biharusi hapiti bila ya kuionja. Kwenye A ya mwisho ya KANGA malizia HINA, ikishuka kutoka juu. Maneno matatu yameshikana, na kila moja linalilinda jenziwe: ukikosea moja, la pili linakataa kuingia.

Tano, jihadhari na kwenu. Sisi tulipata kidokezo "watoto husomea hapa", herufi tano. Tukaandika SKULI kwa kalamu ya wino, tena kwa fahari. Kila kitu kikakwama. S imekaa, U imekaa, L imekaa, lakini maneno ya mlalo hayaingii. Alikuwa mtoto wa jirani wa darasa la nne aliyesema, "Si SHULE?" Herufi tano vile vile. Tulicheka mpaka machozi, sisi tuliotoka Unguja, kwenye chimbuko la Kiswahili sanifu, tunasahihishwa Kasulu. Ndiyo maana tunasema penseli, msibebe kalamu ya wino. Anayeingia nyumba ya watu aingie na kitu kinachofutika.

Madarasa ya kisomo

Limebaki swali la mama mkwe na kusoma. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hesabu zilikuwa zinatisha: mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Kampeni ikaenda kila kijiji, chini ya miembe, kwenye maghala, na mwaka 1977 wasiojua walikuwa wameshuka mpaka 27 katika 100. Ni kazi kubwa, na wanawake wengi walishika chaki kwa mara ya kwanza hapo.

Mama mkwe wetu alikwenda siku chache. Alituambia mwenyewe, huku akicheka kidogo. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwengine tumboni, palizi la maharage halisubiri, na darasa lilikuwa jioni, saa ya kupika. Akaacha. Kwa hesabu ya serikali alibaki miongoni mwa wasiojua. Kwa hesabu ya daftari letu, yeye ndiye aliyejaza nusu ya miraba.

Hapo ndipo tulipoona kwamba fumbo la maneno linahitaji vitu viwili: herufi na maana. Skuli ilitupa sisi herufi. Maana ilikuwa kwa mama: jina la kila ndege, kila kuni, kila aina ya uyoga unaoliwa na usioliwa, kila sehemu ya jembe na ya mzinga wa nyuki. Kila jioni aliyejua herufi alimhitaji aliyejua maana, na hivyo ndivyo wawili wale walivyopata mazungumzo. Haikuwa lazima kuulizana mambo ya moyoni tangu siku ya kwanza. Walianza na yai.

Tulichokipoteza

Tuwaambie ukweli sasa, kwani historia isiyo na majuto ni hadithi tu.

Mama amefariki, Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Alikuwa na vitendawili vingi mno kwa Kiha. Jioni nyengine alitega kumi mfululizo. Daftari la hesabu tunalo bado. Ndani yake yamo majibu, mamia ya majibu, kwa mwandiko wetu mzuri wa kialimu, kila herufi ndani ya mraba wake. Vitendawili vyenyewe havimo. Tuliandika yaliyotakiwa na miraba, maneno yake tukayaacha yapite hewani, tukidhani yeye yupo na kesho ipo. Leo mjukuu wake anatuuliza, "Bibi alisemaje kwa Kiha, ile ya uyoga?" Tunaijua kwa Kiswahili tu.

Bibi zetu wa visiwani waliandika, herufi zikawaacha. Mama wa Kasulu hakuandikwa kabisa, na penseli ilikuwa mkononi mwetu.

Kwa hiyo, biharusi mpenzi, ukifungasha sanduku lako, weka penseli na daftari la miraba baina ya kanga na udi. Ukifika kwa wakwe, iwe Kasulu, Kibondo, Tanga au Muscat, usingoje wakuzowee. Kaa karibu na mwenye ungo, soma kidokezo kwa sauti. Usione haya kama alivyoona haya kijana yule aliyelijua jibu la mtende. Na mkubwa wa nyumba akikujibu, andika jibu ndani ya mraba, kisha pembeni, kwenye nafasi iliyobaki, andika na maneno aliyoyatumia, kwa lugha yake, na jina lake.

Sisi tumeanza upya. Yuko dada yake mdogo mama, anaishi nje kidogo ya mji wa Kasulu, na ametuambia anavikumbuka baadhi. Likizo ijayo, inshallah, tunapanda.

Mwenyezi Mungu aziwekee baraka nyumba zenu na mapenzi baina yenu na wakwe zenu. Amin.